Je, Kondo la Nyuma Huongezeka Mimba kwa Mimba?

Usiku mmoja wa masika walijifungua akina mama wawili katika wodi yetu ya wazazi, mmoja saa nne za usiku, mwingine karibu na alfajiri. Watoto wote wawili walikuwa wa kike, wote walizaliwa miezi yao imetimia, na mizani ilionyesha uzito ule ule: kilo 2.6.

Mama wa kwanza alikuwa binti wa miaka 20, na huo ulikuwa uzazi wake wa kwanza. Mama mkwe wake alimtazama mtoto, akaguna. "Sista, mbona huyu mdogo hivi? Au kondo la huyu binti halina nguvu?" Binti akageukia ukutani akalia. Mama wa pili alikuwa na miaka 38 na alikuwa amemzaa mtoto wake wa nne. Yeye alikuwa anacheka. "Mimi nimeshazoea, Sista. Huyu wa leo hata hakunisumbua."

Mimi nilikuwa na makondo yao mawili katika mabeseni, nikiyakagua moja baada ya jingine. Nikaona kwamba aliyekuwa akilia hakuwa na sababu ya kulia, na aliyekuwa akicheka ndiye tuliyepaswa kumwangalia kwa makini usiku ule. Mwezi huu nataka kuwaeleza kwa nini, maana ndani yake kuna jambo ambalo kila familia inaweza kulitumia kulinda maisha ya mtoto.

Kondo ni nini?

Kondo la nyuma, ambalo wengine huliita zalio, ni kiungo kinachoota ndani ya mfuko wa uzazi pamoja na mimba. Mimba ikitimia, kondo huwa duara kama sahani, lenye upana wa sentimita 20 hivi na unene wa sentimita 2 hadi 3. Uzito wake ni kama gramu 500, yaani karibu sehemu moja ya sita ya uzito wa mtoto. Upande mmoja limeshikamana na mfuko wa uzazi, na upande wa pili kitovu kinatoka kwenda kwa mtoto.

Kondo hufanya kazi ya mapafu, ya tumbo na ya figo za mtoto. Hewa safi na chakula hupita humo kutoka kwa mama, na uchafu wa mwili wa mtoto hurudi kwa njia hiyo hiyo. Mimba ikiwa kubwa, zaidi ya nusu lita ya damu ya mama hufika kwenye mfuko wa uzazi kila dakika. Hata hivyo damu ya mama na damu ya mtoto hupita kila moja katika njia yake, na kati yao kuna utando mwembamba.

Mwanzoni kondo hutangulia kukua. Hadi mwezi wa nne hivi kondo ni zito kuliko mtoto. Karibu na wiki ya 17 uzito wao hulingana, kisha mtoto hulipita. Kwa hiyo mama anayesubiri mwezi wa saba ndipo aje kliniki, anakuja wakati msingi umekwisha jengwa.

Tena jueni kwamba kondo si mali ya mama peke yake. Linaota kutokana na mbegu ile ile iliyomfanya mtoto, ya baba na ya mama, na kila mimba hujenga kondo lake jipya. Hakuna mwanamke mwenye "kondo lake" bovu analotoka nalo kwao. Maneno hayo yamewaliza mabinti wengi bure.

Uzazi wa kwanza na uzazi unaofuata

Sasa tujibu swali letu. Je, kondo la mimba ya pili ni kubwa kuliko la mimba ya kwanza? Kwa kawaida ndiyo, kwa kiasi kidogo. Katika mji wa Aberdeen huko Scotland makondo yamekuwa yakipimwa na kuandikwa kwa miaka mingi. Mwaka 2013 wataalamu walitoa majedwali ya uzito wa kondo kutokana na kumbukumbu hizo, na walilazimika kutenganisha majedwali ya waliozaa mara ya kwanza na ya waliozaa tena. Waliozaa tena walikuwa na makondo mazito zaidi. Mkunga hawezi kuiona tofauti hiyo kwa macho. Huonekana makondo mengi yakipimwa na kulinganishwa.

Watoto nao hufuata njia hiyo hiyo. Mtoto wa pili kwa wastani humzidi kifungua mimba kwa gramu 100 hivi. Ongezeko kubwa ni hilo la kati ya wa kwanza na wa pili. Baada ya hapo huwa dogo.

Sababu yake ni nini? Mfikirieni mkulima anayechimba mfereji wa kumwagilia shamba. Mara ya kwanza ardhi ni ngumu, na maji yanapita kwa shida. Baada ya mavuno mfereji huingia udongo, lakini haurudi kuwa kama ardhi ambayo haijapata kuchimbwa. Msimu unaofuata kazi ni nyepesi na maji yanatiririka vizuri zaidi. Mishipa ya damu ya mfuko wa uzazi ni vivyo hivyo. Ni midogo na imejisokota. Katika mimba ya kwanza kondo huifungua na kuipanua ili damu ipite kwa wingi. Baada ya kujifungua mishipa hiyo husinyaa, lakini hairudi kabisa katika hali ya mwanzo. Mimba ya pili ikiingia, njia imekwisha fahamika.

Ndiyo maana yule binti hakuwa na kosa. Mtoto wa kwanza wa kilo 2.6, aliyetimiza miezi, analia kwa nguvu na ananyonya, ni mtoto mzima. Kondo lake lilikuwa na gramu 440, rangi nzuri ya damu, bila dosari. Nilimwambia mama mkwe: "Mama, huyu ndiye mchimbaji wa mfereji. Wadogo zake watapita kwa urahisi." Akacheka, na binti akafuta machozi.

Malaria na mimba ya kwanza

Katika nchi zetu za joto kuna sababu nyingine inayoyafanya makondo ya uzazi wa kwanza yapate taabu. Sababu hiyo ni malaria. Watu wazima waliokulia penye malaria huwa na kinga kiasi. Zamani wauguzi tulishangaa kuona mwanamke ambaye hajaugua kwa miaka, lakini akipata mimba ya kwanza anaishiwa damu na kuzaa mtoto mdogo.

Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, waliokuwa wakifanya utafiti Kisumu, Kenya, walieleza jinsi vijidudu vya malaria vinavyong'ang'ania ndani ya kondo. Vipo vijidudu vyenye uwezo wa kujibandika humo, vikajificha na kuzuia kazi ya kondo, wakati mama hana hata homa. Mwanamke ambaye hajawahi kuwa na mimba hana kinga dhidi ya vijidudu vya aina hiyo, kwa sababu mwili wake haujapata kuwa na kondo. Akibeba mimba ya pili na ya tatu, mwili unaanza kuvitambua, na kinga inaongezeka.

Lakini akina mama wa watoto wengi wasijisifu. Aliyehamia bondeni kutoka nyanda za juu zenye baridi, au anayeishi mahali ambapo malaria imepungua sana, anaweza kuwa hana kinga hata katika mimba ya tano. Na mama mwenye virusi vya Ukimwi kinga hiyo humpungukia. Kila mimba ina haki ya chandarua chenye dawa, na penye malaria ina haki ya vidonge vya SP. Vidonge hivyo hutolewa kliniki kuanzia wiki ya 13, kila dozi ikiachana na nyingine kwa mwezi mmoja au zaidi, mpaka zitimie tatu au zaidi. Anayetumia kotrimoksazoli kwa sababu ya virusi vya Ukimwi hapewi SP. Amwambie muuguzi.

Kondo kubwa si lazima liwe zuri

Wengine husikia habari hizi wakafikiri kwamba kondo likizidi kuwa kubwa ndivyo mtoto anavyozidi kuwa na afya. Sivyo. Jambo la kuangaliwa ni kondo na mtoto kwenda sambamba.

Mama mwenye upungufu wa damu anaweza kuwa na kondo kubwa lenye mtoto mdogo. Wataalamu waliochunguza akina mama wa Oxford, Uingereza, walieleza jambo hilo mwaka 1991: wekundu wa damu ya mama ulipokuwa chini, kondo lilikuwa kubwa likilinganishwa na mtoto. Ni kama nyumba ambayo chakula ni haba, wakaongeza ukubwa wa chungu. Mwaka mmoja kabla yake, Profesa David Barker na wenzake walikuwa wamewapima watu wazima waliozaliwa katika hospitali moja ya mji wa Preston, Uingereza, kati ya mwaka 1935 na 1943. Waliokuwa na shinikizo la damu la juu zaidi ni wale waliozaliwa wadogo wenye makondo makubwa. Basi yanayotokea tumboni yanaweza kumfuata mtu hadi uzeeni.

Yapo pia magonjwa yanayovimbisha kondo. Kaswende ni mojawapo: kondo huwa zito, limepauka, na mtoto anaweza kufa tumboni. Kisukari nacho huleta kondo kubwa na mtoto wa kilo 4 au zaidi ambaye ni hatari kumzaa. Ugonjwa huu humjia zaidi mama anapoongezeka umri na unene, hivyo asiyekuwa nao katika mimba mbili za mwanzo anaweza kuupata katika ya tatu.

Tena kuna damu yenye Rhesus hasi. Mama wa namna hii akizaa na baba mwenye Rhesus chanya, mtoto wa kwanza kwa kawaida husalimika. Mwili wa mama ukishaamsha askari dhidi ya damu ya mtoto, wanaofuata ndio wanaoumia, na kila mimba inaweza kuwa mbaya kuliko iliyotangulia. Mtoto huvimba maji na kondo lake pia. Mama huyo huhitaji sindano ya anti-D katika saa 72 baada ya kujifungua mtoto mwenye Rhesus chanya. Akipoteza mimba, awahi pia hospitali aulizie sindano hiyo. Kwa hiyo kila mwanamke ajue kundi la damu yake tangu mimba ya kwanza.

Mimba inapoacha mwendo wake

Sasa turudi kwa yule mama wa nne. Nilimwuliza uzito wa watoto wake waliotangulia. Hakukumbuka, lakini bwana wake alipokuja asubuhi alileta kadi zao. Wa kwanza kilo 3.0, wa pili 3.3, wa tatu 3.4. Na huyu 2.6. Kondo lake lilikuwa na gramu 380, na upande wa mama lilikuwa na mabaka meupe, magumu, mahali ambapo damu ilikuwa imekatika zamani. Shinikizo lake la damu lilikuwa juu. Kliniki alikuwa amekwenda mara moja tu, mwezi wa tano.

Mnaona? Uzito ni ule ule, kilo 2.6, lakini habari ni mbili tofauti. Mtoto wa yule binti alikuwa amefika kimo chake. Mtoto wa mama huyu alikuwa amenyimwa gramu 800 ambazo ndugu yake aliyemtangulia alizipata. Saa chache baadaye sukari yake ilishuka, akawa baridi na mlegevu. Tulimlisha maziwa ya mama kwa kikombe, tukamfunga kifuani pa mama yake ngozi kwa ngozi, na akakaa wodini siku sita. Mungu alimjalia, akaishi.

Si sisi peke yetu tuliyeona jambo hili. Mwaka 1988 wataalamu waliotumia kumbukumbu za vizazi vya Norway walieleza kwamba watoto wa pili wenye uzito sawa hawakuwa katika hatari sawa. Yule ambaye kaka au dada yake alizaliwa mzito zaidi alikuwa katika hatari kubwa kuliko yule ambaye mkubwa wake alikuwa mdogo kama yeye. Ndiyo kusema kila mama apimwe kwa kipimo cha uzazi wake mwenyewe, si cha jirani.

Kondo linaweza kuacha mwendo kwa sababu nyingi: shinikizo la damu na kifafa cha mimba, malaria, njaa, kazi nzito pamoja na lishe duni, sigara, na magonjwa ya zinaa. Uzito wa mama mwenyewe nao una sehemu yake. Huko Aberdeen, mwaka 2014, ilielezwa kwamba mama aliyepungua uzito kati ya mimba moja na nyingine alikuwa katika hatari zaidi ya kuzaa mtoto mdogo, na aliyenenepa sana hatari yake ilikuwa mtoto mkubwa kupita kiasi. Na mama anayebeba mimba nyingine kabla mwili haujapumzika huanza na ghala tupu. Shirika la Afya Duniani linashauri ipite miezi 24 tangu kujifungua mtoto hai kabla ya kushika mimba nyingine. Hili ni la mume na mke kulipanga pamoja, wala asiachiwe mke peke yake.

Lakini msiogope kila tofauti. Mtoto wa kiume kwa wastani ni mzito kidogo kuliko wa kike, na aliyezaliwa wiki mbili mapema atakuwa mwepesi. Gramu 100 au 200 zisikunyime usingizi. Lakini mtoto akipungua nusu kilo au zaidi kuliko ndugu yake, au mkunga akisema tumbo halikui kama inavyopasa, hilo lisipuuzwe.

Mfanye nini?

1. Tunzeni kadi za kliniki za watoto wote. Uzito wa kuzaliwa ulioandikwa pale ni habari ya makondo yaliyokwisha zikwa. Mama akibeba mimba, aje nazo kliniki tangu siku ya kwanza.

2. Njooni mapema, kabla ya wiki 12, hata kama ni mimba ya saba. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio 8. Pale penye picha ya ultrasaundi, ipigwe mara moja kabla ya wiki 24. Huonyesha umri wa mimba na mahali kondo lilipokaa. Mama aliyewahi kupasuliwa asikose, kwa maana kondo linaweza kukaa juu ya kovu na kuota kwa kina, likasababisha damu nyingi.

3. Pimeni damu, mkojo, shinikizo, kaswende na virusi vya Ukimwi. Mezeni vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi kila siku. Visiwekwe kabatini.

4. Kuleni vya kwetu: maharage, mboga za majani, dagaa, mayai, matunda. Mume asile kidari cha kuku akamwachia mjamzito shingo.

5. Mtoto akipunguza kucheza tumboni, kichwa kikiuma sana, macho yakiona kiwi, uso ukivimba, au damu ikitoka, msisubiri kesho. Nendeni hospitali.

6. Zaeni hospitali au kituo cha afya. Kondo lazima litoke lote. Likipita nusu saa bila kutoka, au kipande kikibaki, mama anaweza kufa kwa kutokwa damu. Aliyezaa mara 5 au zaidi yumo hatarini zaidi, kwa kuwa mfuko wa uzazi unaweza kulegea. Msivute kitovu nyumbani.

7. Baada ya kujifungua, mwulizeni mkunga: "Kondo limetoka lote? Lilikuwaje?" Ni haki yenu kujua. Wanaotaka kulizika kufuata desturi za kwao, waseme mapema, nasi tutawaeleza namna ya kulichukua kwa usafi.

Mazoea yana taabu

Wapenzi wasomaji, wahenga walisema mazoea yana taabu. Mama wa uzazi wa kwanza huogopa, kwa hiyo huja kliniki. Mama wa watoto wanne amezoea, kwa hiyo hukaa nyumbani. Ni kweli njia ya damu imekwisha funguka, na kwa kawaida kondo lake huwa zuri kuliko la mwanzo. Lakini kondo ni jipya kila mara, na umri wa mama, shinikizo lake na ghala la mwili wake si vile vya zamani.

Yule mama wa nne alipotoka wodini niliandika nyuma ya kadi ya mtoto namba nne kwa wino mwekundu: 3.0, 3.3, 3.4, 2.6. Nikamwambia akibeba mimba tena aionyeshe kabla hata ya kuulizwa. Na yule binti? Alirudi baada ya miaka mitatu, mimba ya miezi mitatu tumboni. Nyuma yake alikuwa mama mkwe, ameshika kadi ya mjukuu wa kwanza ndani ya mfuko wa nailoni, safi kama siku ilipotolewa. "Sista," akaniambia, "nimeleta kipimo chetu." Mtoto wa pili alizaliwa na kilo 2.9.

Basi leo jioni, kabla hamjalala, zitafuteni kadi za watoto wenu muziweke mahali pamoja.